Mukeka ya Mbanda Yangu

Ile mwaka njo tulikula bukari ya mupira. Bantu ba Lubumbashi banakumbuka: unga ya mahindi ya kusonga bukari, ile ugali yetu, ilikosa, kamyo za kutoka Zambia zilisimama, na hata ba mama ba kuringa ba mutaa yetu ya Katuba balikuwa banasonga bukari ya mihogo mitupu, banachanganya na makapi ya ngano, ile chakula ya kuku, halafu banafunga mulango juu jirani asione. Ukikata kipande, kinavutika kama mupira ya baiskeli. Uliza muntu yeyote wa mutaa yetu: mwaka ya bukari ya mupira, ulikuwa wapi? Kila muntu atakuambia alikuwa wapi. Mimi nilikuwa mu bwato, ile mutumbwi, usiku, katikati ya muto, na kile niliona, niliona.

Siko mulevi. Hata munkoyo, togwa yetu ya mahindi, kama imelala siku mbili na kuanza kuuma, siinywi. Na siko muntu ya kusoma bitabu bya kuogopesha. Nilisoma mupaka mwaka wa tatu tu, halafu baba akasema jembe haiulizi diplome. Basi unaweza kucheka, lakini usiseme nimetunga. Kutunga ni kazi ya benye masomo. Mimi niko na kazi yangu.

Jina ya muto sitaiandika. Bantu ba kule bangali banavua samaki pale, na habakunikosea kitu. Mwenye alikosa ni mimi, na mudomo yangu.

Mambo ilianza na mariaje. Mujukuu yangu Ngalula, mutoto ya mutoto yangu wa kwanza, alikuwa anaolewa siku ya posho, ile benye kusoma banaita samedi na bantu ba Tanzania jumamosi. Ngalula anauza dawa mu farmasi, ana akili, ana kiuno, ana maneno. Bijana bilikuja bingi akabirudisha byote, mupaka alipokuja Trezor, yeye akamukubali. Sasa, mujukuu ya mimi aolewe, ukoo ya bwana itoke huko kwao na nguo za kushona, halafu tubatandikie bukari ya mupira mu sahani? Niliapa: hapana. Mudogo yangu wa kike iko na shamba kule karibu na Lukafu. Akatuma mesaje: dada, niko na mifuko mbili ya unga ya mahindi, nyeupe kama meno, kuja uchukue. Nikamuambia Ngalula: "Fungasha. Tunaenda weye na mimi. Ukiolewa hautakuwa tena na wakati ya kubeba mufuko na mbanda yako."

Hapa inaomba nieleze, juu wengine habajui desturi yetu. Mbanda ni muke mwenzako, bake ba bwana mumoja. Kwetu nkambo mwanaume, babu, anaita mujukuu wa kike "muke yangu". Ni muchezo. Na kama yeye ni muke ya bwana yangu, basi mimi na yeye ni ba nani? Ni ba mbanda! Tunatukanana, tunanyanganyana nyama mu sahani, bantu banacheka. Bwana yangu Kalala, muntu ya Kasai, mwenye sauti kama ngoma yenye kulowa, alikuwa anamuita Ngalula "muke yangu wa meno ya maziwa". Hata alipokuwa na miaka makumi mbili, bado "meno ya maziwa".

Na ile muchezo iko na mwisho yake. Siku mwanaume anakuja kuoa mutoto, nkambo anajifanya amekasirika, anapiga kelele: mwizi, unaniibia muke! Yule kijana anamupa kuku. Njo nkambo anasema mbele ya bote: "Nimemuacha, muchukue." Imeisha. Lakini Kalala alikuwa amekufa miaka sita mbele ya ile mariaje. Hakuna mwenye alikula kuku, hakuna mwenye alisema "nimemuacha". Na nani angefikiri kuku moja inaweza kuwa mambo?

Kitu ingine. Kama mwanaume analeta muke wa pili, muke mukubwa njo anamutandikia mukeka usiku ya kwanza, na mikono yake mwenyewe. Akitandika, amekubali. Asipotandika, yule mwingine ni mupita njia. Kalala alinijaribu mara moja. Nilikuwa na batoto bane na wa tano mu tumbo, akaniletea mwanamuke mu nyumba, kamoja ka meno mingi. Ndugu zake bote balikuwa banakaa pale, banangojea nilie. Nilisimama na tumbo yangu mbele kama ngao, nikasema: "Mimi njo muke mukubwa. Mukeka sikutandika, na sitatandika." Nikaenda kulala. Asubui yule mwanamuke hakuwa tena. Na Kalala hakuniuliza mara ya pili, mupaka siku tulimuzika. Shika hii neno: hakuniuliza mara ya pili. Iliniokoa.

Basi tukafika kwa mudogo yangu, tukachukua mifuko mbili. Akamupa Ngalula zawadi ya mariaje: mukeka mupya ya matete, ya kusuka kwa mikono, imekunjwa, imefungwa na kamba mafundo mbili. "Utalala pale na bwana yako," akamuambia. Tulicheka. Tulikuwa tunacheka sana ile juma.

Kurudi, kamyo ikakwama. Mvua ilikata barabara, gurudumu ikaingia mu matope mupaka tumbo. Shofere akatandika karato ya boksi pa kivuli akaniambia: "Mama, hapa tutalala siku tatu." Ilikuwa siku ya ine. Mariaje siku ya posho, kesho kutwa! Nilimutukana, lakini matope haisikii matusi. Bantu ba kijiji bakasema: mama, kuna muto. Inashuka pole pole mupaka pa daraja kubwa, na pale kamyo za njia ingine zinapita kila asubui kwenda Lubumbashi. Mukiingia mu bwato saa kumi na moja ya mangaribi, asubui muko pa daraja. Bakatuonyesha Sha-Kapembwa, mwenye bwato. Kule mwanaume anaitwa na jina ya mutoto yake. Yeye ni baba ya Kapembwa. Muntu mufupi, mikono mirefu, maneno kidogo.

Bwato ilikuwa muti moja ya kuchonga. Ngalula alikaa mbele, mimi katikati na mifuko, mukeka juu ya magoti yangu, na Sha-Kapembwa alisimama nyuma na kafi yake. Ukikaa vile, haumuoni mwenye kupiga kafi. Unamusikia tu. Mimi niliuza mafuta ya ngazi, ile mawese, mu soko miaka makumi tatu, kipimo iko mu mikono yangu. Nikaweka bidole pembeni ya bwato: kutoka maji mupaka mudomo ya muti, bidole bine. Nikajisemea, bidole bine, tukichezacheza tunakunywa maji. Na kila saa nilikuwa napima tena. Bine. Bine.

Muto yenyewe, mungu wangu, ilikuwa pole kama maji mu beseni. Haikuwa na haraka, haikuwa na mawe. Jua likaingia, tukaona mbele yetu mushitu, ile pori nzito ya pembeni ya maji, miti kutoka huku na miti kutoka kule inashikana mikono juu. Sha-Kapembwa akapunguza kafi.

"Ba mama," akasema, "tukiingia pale, bantu habaitani bwana wala muke."

"Juu ya nini?"

"Njo vile. Hata mimi na muke yangu, tukipita pale namuita dada. Tukitoka, muke."

Nilicheka mupaka bwato ikatingishika. "Papa, mimi bwana yangu amekufa. Nitaita nani?"

Alitema mate mu maji. Ngalula alikuwa na telefone mu mukono, anatafuta rezo, ile mutandao ya kupiga, haikupatikana. Akasema: "Kaku," njo vile ananiita mimi nkambo yake, "tumurekodie Trezor sauti. Rezo ikirudi, itaenda yenyewe." Akaweka telefone pa mudomo yangu. Na mimi, mwanamuke muzima mwenye mvi, nikajaza kifua:

"Trezor, weye! Mbanda yangu bado hajaachwa. Bwana yetu hajakula kuku yake. Kama unamutaka, kuja umuulize bwana yetu mwenyewe, iko huku!"

Ngalula akaanguka na kicheko. "Kaku, weye ni mubaya!" Mimi pia nikacheka. Kafi ilikuwa imenyamaza, Sha-Kapembwa hakucheka.

"Mama," Sha-Kapembwa akasema, "umeita."

"Nimeita nani?"

"Sijui. Lakini umeita."

Tukaingia mu mushitu. Giza ya pale haikuwa giza ya nyumba. Nyumba unajua ukuta iko wapi. Telefone ya Ngalula ilibakia na batri kidogo, nikamuambia azime. Tukaenda, sijui muda gani. Mbu zilituuma vibaya sana, nilikuwa napiga mashavu yangu mwenyewe kama muntu anajiazibu. Halafu Sha-Kapembwa akasogeza bwato pembeni, akaifunga na kamba pa muzizi. "Niko na mitego ya samaki hapa nyuma. Dakika chache. Musishuke." Akashuka, bwato ikapanda. Nikapima: bidole bitano. Ni sawa, muntu ametoka, bwato imepumua.

Tukangojea. Nikapiga shavu yangu, nikakosa mbu. Nikangojea ingine. Hakuna. Mbu zote, hata moja haikuimba. Ulishawahi kukaa pa muto usiku na mbu zikakimbia? Mimi sikuwahi. Nilitaka kumuambia Ngalula, lakini nikasikia miguu mu majani, halafu kafi ikaingia mu maji, na miti ikaanza kupita.

"Papa, umepata samaki?" nikauliza.

"Mitego ilikuwa mitupu." Ilikuwa sauti yake, Sha-Kapembwa. Maneno kidogo, kama kawaida.

Tukaenda. Ngalula alianza kuanguka na usingizi, kichwa mbele, kichwa nyuma. Ile sauti ikasema: "Mama, mutoto amechoka. Mutandikie mukeka alale."

Unaona vile ilikuja? Na huruma! Nani angekataa? Niliona papa huyu iko na roho muzuri. Nikaweka mukeka pembeni, nikafungua fundo ya kwanza. Fundo ya pili ilikuwa ngumu, nikaegemea pembeni ya bwato juu nivute na nguvu, mukono yangu ya kushoto ikashuka kwenye maji, na bidole byangu bikapima byenyewe, kama bilivyozoea.

Bitano.

Nikapima tena. Bitano. Niamini mimi, sikutetemeka kwanza; kwanza nilikasirika, kama muntu mwenye ameona mizani ya soko inadanganya. Muntu muzima amepanda mu bwato, anasimama nyuma yangu, anapiga kafi, na bwato haikushuka hata kidole moja! Njo baridi ilianza, kutoka kisigino, ikapanda mugongo, ikakaa mu meno.

Sikugeuka. Niseme kweli: sikuweza. Nikafunga mukono juu ya fundo ya pili.

Na ile sauti ikabadilika. Haikubadilika mara moja. Ilikuwa kama muntu anavua nguo ya mwingine pole pole. Ikakuwa nzito, ikakuwa ngoma yenye kulowa.

"Muke yangu wa meno ya maziwa," ikasema, "kuja huku nyuma."

Ngalula akainua kichwa. Nikaona kivuli chake kinasimama mu bwato, ile bwato ya bidole bitano. "Kaku," akaniambia, na alikuwa anacheka mu usingizi, anacheka na furaha kama mutoto wa miaka tano, "kaku, ni nkambo. Nkambo Kalala ananiita." Akatupa muguu moja juu ya mufuko ya unga apate kunipita.

Nilimushika kiuno. Alikuwa na nguvu, lakini haikuwa nguvu yake. Bwato ikalala upande, maji ikaingia, baridi, ikalowesha magoti. Nikamuvuta, akaanguka kwa kukaa nyuma yangu, kifua yake pa mugongo yangu, na muke huyu mwenye kuolewa siku ya posho, mwenye diplome, nikavua kikwembe, kitenge yangu ya kiuno, na kumufunga pa mugongo yangu, fundo pa kifua, vile nilimubeba akiwa na miezi tatu. Alikuwa anasukuma. Alikuwa anasema "niache, ananingoja". Miguu yake ilikuwa mirefu kuliko yangu! Nikachukua mukeka, nikaikalia. Kweli kabisa, nikaikalia na matako yangu yote, na Mungu alinipa mengi.

"Mama ya batoto," Kalala akasema nyuma yetu. Njo vile alikuwa ananiita, mama ya batoto, miaka makumi tatu na minane. "Umemubeba wa nini? Ni muke yangu. Ulisema mwenyewe. Tandika."

Nikamujibu: "Mimi njo muke mukubwa. Mukeka sikutandika, na sitatandika."

Kafi ikanyamaza. Muto mupole, miti iliacha kupita. Nikasema asante Yesu, imeisha. Kumbe bado.

Kafi ikaanza tena. "Magoti inakuuma," akasema, pole kabisa. "Ya kushoto kuliko ya kuume. Uko mukubwa sasa, mama ya batoto. Utabeba mutoto wa bantu mupaka wapi? Tandika, na weye pia ulale kando yake. Nitapiga kafi peke yangu."

Alijua goti ya kushoto. Daktari hajui goti ya kushoto! Nikasema tena: "Mimi njo muke mukubwa. Mukeka sikutandika, na sitatandika."

Sasa nitakuambia kile sikumuambia pastere wa kanisa yetu. Mara ya tatu hakuuliza na nguvu. Alilia. Kalala alilia mbele yangu mara moja tu mu maisha, siku tulizika mutoto yetu wa tano, na ile kilio inajua njia ya kupita mu mwili yangu. "Niko na baridi," akasema. "Miaka sita, mama ya batoto, siko na muntu hata moja wa kuniuliza kama nimekula. Weye uko na Katuba nzima. Mimi hata moja? Tandika, mama ya batoto. Naomba."

Na mukono yangu ikaenda. Sikuituma. Ikapita chini ya paja yangu, ikapata kamba, ikapata fundo ya pili, na ukucha ya kidole ya gumba ikaingia mu fundo. Nilikuwa nalia pia. Nilikuwa nafikiria: ni bwana yangu, iko na baridi, na mimi niko nakalia mukeka. Nyuma yangu Ngalula alikuwa ameacha kusukuma. Alikuwa anangojea, na moyo yake ilikuwa inapiga pa mugongo yangu kama mutwangio mu kinu.

Halafu hesabu ikakuja mu kichwa. Siko muntu ya masomo, lakini mara moja na mara tatu najua kutofautisha. Kalala aliniuliza mara moja. Alipata jibu, akalibeba mupaka mu kaburi. Mwanaume mwenye alilala kando ya ile jibu miaka yote, angerudi kuuliza tena? Na tena?

Nikaondoa ukucha mu fundo.

"Weye," nikasema, "sauti umeiba, goti umechungulia, kilio umeokota sijui wapi. Lakini Kalala alinijua. Alijua nikisema neno, imesemwa. Weye haunijui, njo maana unauliza tena."

 Kafi haikusimama. Na kila mara kafi iliingia mu maji, ile sauti iliuliza, bila kilio sasa, bila huruma, kama fundi anapiga musumari: tandika. Na mimi: Mimi njo muke mukubwa. Mukeka sikutandika, na sitatandika. Tandika. Mimi njo muke mukubwa. Mupaka ulimi ikauma, mupaka maneno haikuwa tena maneno. Miti ilikuwa inapita, inapita, usiku nzima miti inapita. Hiyo ni macho yangu mbili iliona.

Kitu ya kwanza asubui ilikuwa mbu. Moja, pa sikio. Sijawahi kupenda mududu kama ile. Mwangaza ukaingia mu mushitu, nikageuka: nyuma ya Ngalula hakukuwa na muntu. Kafi ilikuwa imelala chini, mukavu. Mukavu kabisa, kama kuni.

Na bwato ilikuwa imefungwa pa muzizi. Pa ile ile muzizi. Kamba ya Sha-Kapembwa, fundo ya Sha-Kapembwa.

Yeye mwenyewe alikuwa anakaa chini ya muti hatua kumi kutoka pale, amekunja mikono, macho mekundu, samaki mbili pembeni yake. Alipotuona, alisimama akarudi nyuma. Akauliza kutoka mbali: "Muko bantu?"

"Tuko bantu, papa."

"Mulikuwa wapi? Nilirudi na samaki, bwato hakuna. Niliita majina yenu usiku yote."

Yeye alisema bwato haikuwako. Sisi tulisema bwato ilienda. Kamba ilisema bwato haikuondoka. Nani alidanganya? Mupaka leo sijui. Aliniangalia mimi mwenye mujukuu mukubwa pa mugongo, hakucheka, hakuuliza. Alipanda, nikapima: bidole bine. Nikashukuru. Mupaka pa daraja nilikuwa napima.

Ngalula hakukumbuka kitu, ila kwamba aliota nkambo yake. Lakini tulipofika pa daraja rezo ikarudi, ile sauti ikaenda kwa Trezor, na Trezor akajibu palepale, nilisikia na masikio yangu: "Sheri, mupenzi, nimecheka sana na kaku. Lakini yule papa mwenye anacheka nyuma yenu, kicheko nzito vile, ni nani?"

Sha-Kapembwa hakucheka. Nilikuambia hakucheka.

Siku ya posho tulioza mutoto. Bukari ilikuwa nyeupe, ya mahindi, ukoo ya bwana ilikula ikalamba bidole. Mbele ya chakula nilimuita mudogo ya Kalala, nikamuambia Trezor alete kuku, hapa, sasa, na asichekecheke. Mudogo ya Kalala alishika kuku akasema mbele ya bote: "Kwa jina ya kaka yangu, nimemuacha, muchukue." Bantu balipiga makofi juu ya muchezo. Mimi peke yangu nilihesabu maneno, hata moja isipunguke.

Ngalula tangu ile siku analala muzuri. Mimi njo hapana. Mukeka sikumupa, nilimupa masufuria. Iko juu ya kabati yangu ku Katuba, imekunjwa, fundo moja imefunguliwa, moja imefungwa, na pa fundo iko alama ya ukucha yangu. Pastere alisema tuichome. Nikamuuliza: pastere, kitu kikichomwa kinakuwa nini? Akasema majivu. Na majivu yanafanya nini? Akaangalia saa yake. Majivu yanajitandika yenyewe. Mukeka ikabakia pale juu.

Kila mvua kubwa, mufereji nyuma ya nyumba yangu unajaa, na nasikia kafi. Mutaa mzima wa Katuba, manyumba yamebanana, na kafi inapita nyuma ya dirisha yangu! Inauliza mara moja. Najibu. Inaenda. Nimezoea, kama muntu anazoea goti.

Lakini juma yenye imepita, Ngalula alikuja kunionyesha mutoto yake wa kike. Miezi saba. Baba ya Trezor alikuja naye, muzee muzuri, anapenda kucheka. Akamuinua mutoto juu, akasema: "Angalia, muke yangu ameota meno!"  Nikamukemea mbele ya mutoto yake, mbele ya kila muntu, na sasa banasema kaku amechanganyikiwa. Baseme. Ile usiku mvua haikunyesha. Mufereji ilikuwa mukavu. Na kafi ikakuja, na ngoma yenye kulowa ikasema pa dirisha: "Mama ya batoto. Meno ya maziwa yametoka. Tandika."

Njo juu ya ile nimeandika mu hii kaye, daftari ya mutoto wa masomo, na herufi zangu mbaya. Weye mwenye unasoma, muchezo ya nkambo na mujukuu ni muzuri, cheza, lakini cheza pa udongo mukavu, mu mwangaza. Usiipeleke pa maji. Kama nkambo iko mugonjwa, kimbia na kuku kabla hajafunga macho. Mwenye kupiga kafi akikuambia nyamaza, nyamaza, hata kama weye ni muntu ya muji. Na siku nitakufa, Ngalula, soma hapa vizuri: ku kilio yangu sitaki mukeka hata moja. Bantu bakae pa sheze, biti bya plastike. Nilazeni pa simenti, simenti haiogopeshi mimi. Halafu weye, juu utakuwa muke mukubwa wa hii nyumba, jifunze haya maneno kwa moyo, ukisikia kafi uyaseme vile yalivyo, usiongeze, usipunguze, hata akilia, hata akilia na sauti yangu:

Mimi njo muke mukubwa. Mukeka sikutandika, na sitatandika.